Salio la Benki na Salio Lako: Namna ya Kuepuka Tozo za Ovadrafti

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu wanachama, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie tozo ambazo benki hutukata pale malipo yetu yanapozidi fedha zilizomo kwenye akaunti, na hasa namna mtu wa kawaida, awe mwajiriwa au mwenye biashara ndogo, anavyoweza kuziepuka. Nitasema mapema ninakoelekea, ili anayetaka kunipinga ajiandae. Sehemu kubwa ya tozo hizi huwapata watu ambao fedha wanazo, au watakuwa nazo baada ya siku chache, ila wameliamini salio wanaloonyeshwa na benki kana kwamba lote ni lao la kutumia. Salio lile ni kumbukumbu ya benki kuhusu mambo ambayo tayari yameifikia. Hundi uliyoiandika juzi na ambayo mpokeaji bado anaihifadhi mfukoni, benki haiijui. Ada ya mwaka itakayokatwa keshokutwa, benki haiihesabu leo. Mwenye kuyajua hayo ni wewe peke yako, tena iwapo umeyaandika.

Ovadrafti yenyewe, yaani kuruhusiwa na benki kuchukua zaidi ya fedha zilizomo kwenye akaunti, ni huduma ya zamani na haina aibu yoyote. Mwaka 1728 Royal Bank of Scotland, iliyokuwa imeanzishwa mwaka mmoja tu kabla ya hapo, ilimruhusu mfanyabiashara wa Edinburgh aitwaye William Hogg kuchukua hadi pauni 1,000 zaidi ya fedha alizokuwa ameweka, na mapatano hayo ndiyo yanayotajwa mara nyingi kuwa ovadrafti ya kwanza. Shida ya Hogg ilikuwa ya majira: waliomdai walitaka fedha zao kabla ya wale aliowadai hawajamlipa. Lakini tuzingatie kwamba yeye na benki walikubaliana kwanza, kiwango kikajulikana, ndipo fedha zikachukuliwa. Anayeingia kwenye ovadrafti bila kujua anakopa bila kuuliza bei, na aghalabu bei hiyo huwa kubwa mno ikilinganishwa na mkopo wenyewe.

Kubwa kiasi gani? Mwaka 2014 mamlaka ya Marekani inayowalinda watumiaji wa huduma za fedha ilichapisha uchunguzi kuhusu jambo hili. Ilionekana kwamba tozo nyingi zilizotokana na kadi za benki zilitozwa kwenye manunuzi yasiyozidi dola 24, na kwamba akaunti nyingi zilirejea juu ya sifuri ndani ya siku tatu, ilhali tozo ya kawaida ilikuwa dola 34. Mamlaka ile ikapiga hesabu: mtu akikopeshwa dola 24 kwa siku tatu na kulipa dola 34 juu yake, riba ya mwaka inazidi asilimia 17,000. Hakuna mtu mwenye akili timamu angesaini mkopo wa namna hiyo mezani. Unakubalika kwa sababu tu haufiki mezani. Unatokea usiku, kwenye kompyuta ya benki, na mwenye akaunti anauona asubuhi ukiwa umekwisha kukatwa.

Sasa tuingie kwenye kiini cha mambo, yaani namna salio linavyoweza kumpotosha mtu mwangalifu. Benki nyingi huwa na masalio mawili kwa akaunti moja. Lipo salio la kitabuni, ambalo ni jumla ya miamala yote iliyokwisha kuingizwa, na lipo salio linaloruhusiwa kutumika, ambalo hupungua kwa fedha zilizozuiliwa na huacha nje amana ambazo bado hazijathibitishwa. Ukiweka hundi leo, kiasi chake kinaweza kuonekana kitabuni leo hiyohiyo, lakini kisiruhusiwe kutumika mpaka benki iliyotoa hundi iithibitishe. Mteja anayetazama namba ya kwanza na kulipa kwa kuitegemea, atakatwa tozo huku skrini ikimwonyesha kwamba ana fedha.

Hata namba ya pili ina mitego yake. Ukilipa kwa kadi, mambo mawili hutokea kwa nyakati mbili tofauti: kwanza idhini, ambapo benki huulizwa kama fedha zipo na kuzizuia, kisha malipo yenyewe, ambapo mwenye duka huwasilisha dai lake na fedha zikaondoka, pengine siku mbili au tatu baadaye. Hoteli huzuia kiasi cha makadirio ambacho mara nyingi huzidi bili ya mwisho, na katika vituo vya mafuta ambako kadi husomwa kabla ya pampu kufunguliwa, kiasi kinachozuiliwa hakiwezi kuwa sawa na mafuta yatakayoingia kwenye tangi. Mara nyingine zuio huisha muda wake kabla dai halijawasilishwa, na fedha zinarudi kuonekana kwenye salio kana kwamba hukuzitumia kabisa. Hapo ndipo watu wengi wanapoanguka. Wanaona salio limeongezeka, wanalifurahia, wanalitumia, na siku inayofuata dai la zamani linafika.

Iko hali moja ambayo naiona ni ya dhuluma, ingawa nakiri kwamba si kila benki inaifanya. Mteja analipa kwa kadi akiwa na fedha za kutosha, idhini inatolewa, lakini kati ya idhini na malipo yenyewe muamala mwingine unapita na kupunguza salio; malipo ya kwanza yanapofika yanakuta pengo, na mteja anatozwa kwa muamala ambao benki yenyewe iliuidhinisha. Kwa kutazama simu tu, mteja hawezi kulikwepa hilo. Anaweza kulikwepa iwapo alikwisha kuyatoa malipo hayo ya kwanza katika hesabu yake mwenyewe, dakika ileile alipoitoa kadi, na kuanzia hapo akaishi kwa salio lililobaki.

Mpangilio wa miamala nao una uzito wake. Tuseme akaunti ina 100, na siku moja yanafika malipo manne: 10, 15, 20 na 90. Benki ikianza na madogo, matatu ya kwanza yanapita, inabaki 55, na yale ya 90 peke yake ndiyo yanayozidi salio. Tozo ni moja. Benki ikianza na kubwa, 90 inapita, inabaki 10; 20 inafuata na kuishusha akaunti chini ya sifuri, na 15 na 10 zinazokuja baada yake zinakuta hakuna kitu. Tozo ni tatu. Mteja ni yuleyule, fedha ni zilezile, siku ni ileile. Suala hili lilifika mahakamani nchini Marekani, na Agosti 2010 Jaji William Alsup wa mahakama ya shirikisho huko San Francisco aliamuru Wells Fargo iwarudishie wateja wake wa California takriban dola milioni 203 kwa sababu ya kupanga miamala kutoka mkubwa kwenda mdogo. Benki ilikata rufaa na shauri likavutana kwa miaka kadhaa, lakini mwishowe amri ya kurudisha fedha ilibaki. Ninalitaja kwa sababu linatufundisha jambo la kiutendaji: kama malipo manne yatafika siku moja na salio linatosha matatu tu, huna uwezo wa kuamua ni lipi litakalokwama. Uwezo ulionao ni wa siku iliyotangulia.

Daftari, basi. Naliita daftari, na iwapo mtu anapenda jedwali la kompyuta au programu ya simu, sina ugomvi naye, mradi namba aziingize yeye mwenyewe. Programu inayovuta namba kutoka benki na kukuchorea michoro ya rangi inakurudishia habari zilezile za benki, zikiwa zimepambwa.

Safu tano zinatosha: tarehe, maelezo, fedha iliyotoka, fedha iliyoingia, na salio. Siku ya kuanza, chukua salio linaloruhusiwa kutumika kama benki inavyolionyesha, kisha utoe kila kitu ulichokwisha kukilipa au kukiahidi ambacho benki haijakikata wala kukizuia: hundi zilizo mikononi mwa watu, malipo ya kadi ya siku mbili tatu zilizopita, na maagizo ya kudumu ya mwezi huu, yaani malipo uliyoiagiza benki iyalipe kila mara, ambayo bado hayajakatwa. Kinachobaki ndicho salio lako. Karibu kila mara litakuwa dogo kuliko ulivyodhani, na wengine hukatishwa tamaa siku hiyo ya kwanza, jambo ambalo nalielewa.

Kuanzia hapo ziko kanuni mbili ambazo mimi sizilegezi. Kanuni ya kwanza ni kwamba fedha inayotoka huandikwa siku unapojifunga kuilipa, na fedha inayoingia huandikwa siku inapofika na kuruhusiwa kutumika, kamwe si siku ulipoahidiwa. Ukitazama utaona kwamba kanuni hii inaegemea upande mmoja kwa makusudi: inaharakisha matumizi na kuchelewesha mapato, hivyo daftari lako daima litaonyesha kiasi kidogo kuliko benki au kilicho sawa na cha benki. Daftari likionyesha zaidi ya salio la benki, ujue kuna kosa, na ulitafute siku hiyohiyo.

Kanuni ya pili inahusu makato yanayojirudia. Kodi ya nyumba, bima, marejesho ya mkopo, ada ya intaneti, na ile ada ambayo benki yenyewe hukata kila mwezi kwa kutunza akaunti: yote haya huandikwa kwenye safu ya fedha zilizotoka siku ileile mshahara unapoingia, hata kama yatakatwa wiki tatu baadaye. Anayesubiri yakatwe ndipo ayaandike amejitengenezea historia, na historia haimzuii mtu kutumia. Zaidi ya yote nawaonya kuhusu makato ya mara moja kwa mwaka, na yale majaribio ya bure ambayo mtu hujisajili kwa kadi yake, akasahau, na baada ya muda yakageuka kuwa malipo. Haya hayamo katika kumbukumbu ya mwezi uliopita, kwa hiyo hayamo katika kichwa cha mtu yeyote. Pitia taarifa za akaunti za miezi kumi na miwili iliyopita, uyaorodheshe yote kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari pamoja na tarehe zake.

Kuna wanaojiwekea kizuizi zaidi kwa kuandika kiasi fulani kama fedha iliyotoka, ilhali kimo bado kwenye akaunti, ili sifuri ya daftari iwe juu ya sifuri ya benki. Ni njia nzuri kwa anayeimudu, na kiasi hicho hakina haja ya kuwa kikubwa. Kikitosha kufunika kato kubwa zaidi lisilotarajiwa, kimefanya kazi yake. Udhaifu wake ni kwamba mwenyewe anajua kimo.

Angalau mara moja kwa wiki, linganisha daftari na taarifa ya benki. Chukua salio la benki linaloruhusiwa kutumika, toa malipo uliyoandika ambayo hayajakatwa wala kuzuiliwa. Jibu liwe sawa na salio la daftari. Lisipokuwa sawa, msianze kwa kujumlisha kurasa zote upya. Tazameni kwanza tofauti yenyewe. Kama inagawanyika kwa tisa bila kubaki kitu, yamkini tarakimu mbili zimebadilishana nafasi: aliyeandika 26 badala ya 62 atapata tofauti ya 36. Kama nusu ya tofauti hiyo ni kiasi mnachokikumbuka, pengine kiliandikwa kwenye safu ya kuingia badala ya kutoka. Watunza hesabu wamezitumia mbinu hizi tangu enzi za kalamu ya wino, na zinaokoa muda mwingi. Tofauti ambayo haielezeki kwa njia yoyote kati ya hizo mara nyingi ni kato la benki ambalo hamkulijua, na ni heri kuligundua ndani ya wiki kuliko mwisho wa robo mwaka.

Hapa najua wapo watakaosema kwamba simu inawaonyesha salio saa yoyote, na benki inawatumia ujumbe kila fedha zinapotoka, kwa hiyo daftari ni kazi ya wazee. Sina neno baya juu ya ujumbe wa simu. Nashauri kila mtu auwashe, na kiwango cha tahadhari kiwekwe juu ya kato lako kubwa kuliko yote, kwa maana tahadhari inayolia salio likiwa karibu na sifuri imechelewa. Lakini ujumbe huo unaeleza kilichotokea. Hakuna ujumbe wa benki utakaokuarifu kwamba umeiandika hundi. Utaupata hundi itakapowasilishwa, na wakati huo uamuzi wa kununua ama kutonunua kitu kingine ulikwisha kuufanya.

Baada ya daftari, yapo mambo machache ya kumwomba mwenye benki, na nitayapita upesi. Uliza kama akaunti yako inaruhusu ovadrafti bila wewe kuomba, na kama unaweza kuikataa. Nchini Marekani, tangu mwaka 2010, benki hairuhusiwi kutoza ovadrafti kwa malipo ya kadi ya mara moja au kwa fedha zinazotolewa kwenye mashine ya ATM isipokuwa mteja amekubali kwanza. Lakini ulinzi huo haugusi hundi wala makato yanayojirudia. Nchini Uingereza, tangu Aprili 2020, tozo za kiwango maalum zimeondolewa na ovadrafti hutozwa riba ya mwaka peke yake, wala ile isiyopangwa, yaani ambayo mteja hakuafikiana na benki mapema, hairuhusiwi kuwa ghali kuliko iliyopangwa. Sheria hutofautiana, kwa hiyo soma jedwali la ada la benki yako mwenyewe, na usome hasa sehemu inayohusu malipo yanayorudishwa, yaani yale ambayo benki inakataa kuyalipa. Kukataa ovadrafti hakuondoi kila gharama: benki ikikataa kulipa, inaweza kutoza kwa kule kukataa, mwenye kudai akaliwasilisha tena dai lilelile na ukatozwa mara ya pili, na yeye naye akakudai faini ya kuchelewa.

Omba pia tarehe za makato zisogezwe zifuate siku ya mshahara. Makampuni mengi hukubali, nami nashangaa ni wachache kiasi gani wanaouliza. Kumbuka kwamba kato linaloangukia siku ambayo benki zimefungwa aghalabu husukumwa hadi siku ya kazi inayofuata, ambapo huwasilishwa pamoja na mengine, na tumeona yanayotokea miamala minne inapofika kwa mpigo.

Nimeulizwa na wengi kuhusu akaunti ya watu wawili, na hapa sina budi kukaa kidogo. Mume na mke, au washirika wawili wa biashara, kila mmoja akiwa na kadi yake na hesabu yake kichwani, wanaweza wote kuwa waangalifu na bado wakaangukia kwenye ovadrafti, kwa kuwa kila mmoja anaona fedha zilezile kuwa zipo. Madaftari mawili kwa akaunti moja hayasaidii. Yanazaa ugomvi juu ya lipi ni sahihi. Ninachopendekeza ni akaunti mbili zenye kazi tofauti. Moja ni ya makato yasiyobadilika, haina kadi, na kila mwezi huingizwa jumla ya makato hayo na ziada kidogo. Nyingine ni ya matumizi ya kila siku, na ikiishiwa, basi kadi inakataa, mtu anaona haya kidogo mbele ya muuzaji, na kodi ya nyumba iko salama. Pale ambapo akaunti ya pili haiwezekani, daftari liwe moja na mahali pake pawe pamoja, na hakuna anayelala kabla hajaandika cha siku hiyo.

Lazima niseme pia mahali ambapo daftari halifiki. Mtu ambaye mapato yake hayafiki mahitaji yake kila mwezi, hata akiandika kwa mwandiko mzuri namna gani, ataona tu kwa usahihi zaidi siku ambayo fedha zitakwisha. Hilo nalo lina faida, kwa sababu anayeiona siku hiyo wiki mbili kabla anaweza kwenda benki kuomba ovadrafti iliyopangwa, yenye kiwango na riba inayojulikana, au kumwomba anayemdai amsogezee tarehe, na njia zote mbili kwa kawaida humgharimu chini ya tozo za kushtukizwa. Lakini asiambiwe kwamba tatizo lake ni uzembe wa kuandika. Nimesikia maneno hayo yakisemwa na watu ambao hawajawahi kukosa mshahara, na sidhani kama yanamsaidia yeyote.

Na iwapo tozo imekwisha kukatwa, ziko hatua zinazofaa kuchukuliwa siku hiyohiyo. Iandike tozo yenyewe kwenye daftari, kwa sababu nayo imepunguza salio na inaweza kuusababishia muamala unaofuata tozo nyingine. Hesabu ni kiasi gani kitairudisha akaunti juu ya sifuri pamoja na makato yote ya siku tatu zijazo, maana kuweka kiasi cha kufunika pengo la leo tu ni kujiandalia la kesho. Weka fedha hizo kwa njia ambayo huruhusiwa kutumika mara moja, yaani fedha taslimu au uhamisho, usiweke hundi. Kisha wasiliana na benki, ueleze kilichotokea ukiwa na tarehe na kiasi cha kila muamala, na uombe tozo ifutwe. Benki nyingi humfutia mteja tozo ya kwanza akiomba kwa adabu, na chache humfutia asiyeomba. Ukikataliwa na unaamini kwamba muamala ulikuwa umeidhinishwa wakati fedha zipo, andika barua, uambatishe ukurasa wa daftari wenye tarehe, na uombe jibu la maandishi.

Nimeleta karatasi zenye safu tano kwa wale wanaotaka kuanza leo, na Mheshimiwa Mwenyekiti ameniruhusu kupokea maswali kwa muda uliosalia.